Matembezi ya Kikundi na Mandari Ilagala: Maswali na Vifaa kabla ya Safari

Katika masomo yaliyotangulia tumezungumzia bidhaa ambazo mlaji huzinunua dukani na kurudi nazo nyumbani. Somo hili linahusu huduma ambayo mlaji huinunua akiwa hajaiona: matembezi ya miguu ya siku moja, yanayoandaliwa kwa ajili ya kikundi na kumalizika kwa mandari, yaani chakula kinacholiwa pamoja mahali pa wazi. Matembezi ya namna hii yanazidi kupendwa na watumishi, wanafunzi, vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya na familia. Kwa kuwa wengi wanaojiandikisha hawajawahi kupanda kilima kwa starehe, tumeliandika somo hili kwa ajili ya anayeanza.

Tumechagua Ilagala, wilayani Uvinza, kusini mwa mji wa Kigoma, kwenye barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya. Mahali hapa mto Malagarasi unakaribia kuingia katika Ziwa Tanganyika. Kuna mashamba ya michikichi na mihogo, tambarare ya mto, na misitu ya miombo katika miinuko ya jirani. Yote hayo humvutia mtembezi, na kila kimoja kina hatari zake.

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kuuliza maswali ya lazima kabla ya kutoa mchango wake; kukadiria muda wa matembezi na kiasi cha maji; kukagua viatu, tochi, dawa na jaketi okozi kabla ya kununua au kukodi; kuandaa chakula kisicholeta maradhi; na kujua hatua za kuchukua iwapo huduma aliyoilipia haikutolewa kama alivyoahidiwa.

1. Mchango ni malipo

Mtu anayetoa fedha ili apelekwe matembezi amenunua huduma, hata kama fedha hizo zinaitwa mchango na aliyezipokea ni jirani au mfanyakazi mwenzake. Neno "mchango" huwafanya wengi waone haya kuuliza fedha zimepangiwa nini. Haya hiyo haina msingi. Anayeandaa safari kama biashara ana wajibu wa kutimiza alichokitangaza, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma anayoiuza. Anayeandaa kwa kujitolea naye anapaswa kuwaeleza wenzake matumizi ya fedha zao, kwani wao ndio watakaodhurika endapo jambo muhimu litasahauliwa.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyoanzishwa mwaka 1968, na ile ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, mgeni hulipa kiingilio kilichowekwa, hupokelewa na watumishi wa hifadhi, na hutembea na mwongozaji. Njia za vijijini hazina lango wala mlinzi. Katika njia hizo, maswali ambayo mlaji anauliza kabla ya safari ndiyo yanayochukua nafasi ya lango. Tunashauri aulize haya saba:

(a) Njia ina urefu wa kilomita ngapi, na ina mwinuko kiasi gani?
(b) Nani ataongoza, na je, ameipita njia hiyo katika majira haya ya mwaka?
(c) Tutaondoka saa ngapi, na saa ngapi tutageuka kurudi hata kama hatujafika tulikokusudia?
(d) Chombo cha usafiri ni cha aina gani, kina leseni na bima, na kinabeba abiria wangapi kisheria?
(e) Je, tutapanda mtumbwi au boti? Kama ndiyo, kila mmoja atakuwa na jaketi okozi linalomfaa?
(f) Nani atabeba sanduku la huduma ya kwanza, na ndani yake mna nini?
(g) Safari ikiahirishwa kwa mvua, fedha zitarudishwa au zitahamishiwa siku nyingine?

Majibu yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwandaaji anayejibu "mambo yote yako sawa, wewe njoo tu" bado hajajibu swali.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha watu 14 kimetakiwa kutoa shilingi 35,000 kila mmoja, jumla shilingi 490,000. Mwandaaji makini anaweza kugawa hivi: gari 200,000, chakula 112,000, maji 28,000, malipo ya mwenyeji anayejua njia 40,000, vifaa vya huduma ya kwanza 45,000, na akiba ya dharura 65,000. Hizi si bei elekezi. Tumezitaja ili kuonyesha namna hesabu inavyosomwa. Hesabu nyingine yaweza kuwa na jumla ileile, lakini fungu la vinywaji na muziki likawa kubwa, huku mwenyeji wa njia, huduma ya kwanza na akiba vikiwa havimo. Kwa mtoa mchango gharama ni moja, ila katika hesabu ya pili usalama haukununuliwa. Ndiyo maana tunasema mlaji asiulize bei peke yake, aulize na mgawanyo wake.

2. Njia, saa na majira

Anayeanza hukosea zaidi katika kukadiria muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliandika kanuni ambayo hutumika mpaka leo: mtembezi mwenye nguvu huenda kilomita 5 kwa saa, na huongeza saa 1 kwa kila mita 600 anazopanda. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu waliozoea. Kwa kikundi chenye wageni wa matembezi, watoto au wazee, tunashauri kukadiria kilomita 3 kwa saa, na kuongeza nusu saa kwa kila mita 200 za kupanda.

Kwa hiyo njia ya kilomita 9, kwenda na kurudi, yenye mwinuko wa mita 200, itachukua saa 3 na nusu za kutembea. Tukiongeza saa 1 na nusu ya mandari na nusu saa ya mapumziko madogo, tumefikia saa 5 na nusu. Kikundi kikiondoka saa mbili asubuhi, kitarejea garini saa saba na nusu mchana. Kikiondoka saa nne kwa sababu ya kusubiriana, kitarejea saa tisa na nusu, na saa za jua kali zitakikuta katikati ya njia.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wa mkoa hulisahau. Kigoma iko magharibi ya nchi, lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua la Kigoma huchelewa kwa takriban dakika 40 kulinganisha na la Dar es Salaam. Huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo asubuhi, kutegemea mwezi, na huwa juu kabisa karibu na saa saba mchana, wala si saa sita. Anayepanga "kumaliza kabla ya saa sita ili kukwepa jua" amekadiria vizuri. Anayedhani kwamba saa nane jua limekwisha kupungua makali amekadiria vibaya.

Kuhusu majira, mvua za Kigoma hunyesha kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa anayeanza, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora: njia ni kavu na radi ni chache. Wakati wa mvua tambarare ya mto hujaa tope na vijito hupanda ghafla. Kijito kinachovuta miguu kwa nguvu kisivukwe, hata kama kimefika magotini tu. Kabla ya safari, mwandaaji asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha awaulize wenyeji, kwa maana wao wanajua kijito kipi kilijaa jana.

Radi haina mzaha. Ikiwa kati ya mmweko na ngurumo zinapita sekunde zisizozidi 30, radi iko karibu. Kikundi kishuke kutoka mwinukoni, kiuache mti uliosimama peke yake, na kitafute nyumba au gari lililofungwa. Kingoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

3. Vifaa vya msingi

Anayeanza hahitaji kununua kila kinachopangwa dirishani. Vifaa vya lazima ni vichache, na vingi vimo nyumbani tayari.

Viatu. Kandambili na yeboyebo havifai kupandia kilima: hukosa kushika kisigino, na mguu huteleza penye changarawe. Raba iliyokwisha kuzoewa na mguu, yenye soli yenye meno, yatosha kwa njia ya siku moja. Mlaji anayenunua kiatu kipya akijaribu alasiri, wakati mguu umevimba kidogo kama utakavyovimba njiani, akiwa amevaa soksi atakayoitumia. Mbele ya kidole kikubwa kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kipya kivaliwe nyumbani siku kadhaa kabla ya safari.

Kwa viatu vya mtumba tunatoa tahadhari maalumu. Buti la kupandia milima laweza kuonekana jipya kwa sababu lilikaa kabatini miaka mingi, lakini sponji iliyo kati ya soli na ngozi huzeeka hata kama kiatu hakivaliwi, na gundi hukauka. Kikunje kiatu kwa nguvu na kuchungulia iwapo soli inaachana na ngozi. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikipasuka au ikimeng'enyuka kama mkate mkavu, kiatu hicho kitakuacha njiani. Fanya ukaguzi huu mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha.

Maji. Kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi jua linapokuwa kali. Kwa safari tuliyoitaja hapo juu, kila mtu mzima abebe lita 2 hadi 3. Lita moja ina uzito wa kilo moja, hivyo mzigo wa maji ugawanywe kwa haki, mtoto asibebeshwe kupita kiasi. Maji ya chupa yakaguliwe: kizibo kiwe hakijafunguliwa, lebo iwe na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Maji ya mto na ya ziwa, hata yakiwa maangavu kama kioo, yasinywewe kabla ya kuchemshwa hadi yatokote kwa dakika moja au kutiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mavazi. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu na suruali ndefu nyepesi humkinga mtembezi na jua, majani makali na wadudu. Koti la mvua lisisahauliwe, hata wakati wa kiangazi.

Mwanga na sauti. Kila watu wawili wawe na tochi moja, hata kama safari imepangwa kwisha mchana. Tochi ya kichwani ni bora, kwani huacha mikono huru. Dukani iwashwe na kuachwa ikiwaka dakika kadhaa. Tochi duni huanza kwa mwanga mkali na kufifia upesi. Simu si mbadala wa tochi, maana chaji yake ndiyo ya kuombea msaada. Filimbi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, lakini sauti yake hufika mbali kuliko kelele ya mtu aliyechoka. Ishara ya dharura inayotambuliwa na wapanda milima ni milio 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, na kurudia. Anayejibu hupiga milio 3.

Huduma ya kwanza. Sanduku la kikundi liwe na bandeji za kufunga, shashi safi, plasta, dawa ya kusafishia vidonda, glavu, mkasi, pini, dawa ya kutuliza maumivu, na pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Dawa zinunuliwe katika duka lililosajiliwa, na tarehe za mwisho wa matumizi zisomwe moja moja. Sanduku lililojazwa kiwandani laweza kuwa na jina zuri nje na plasta tupu ndani. Lifunguliwe kabla ya kulipiwa. Mwenye pumu, kisukari, kifafa au mzio abebe dawa yake mwenyewe na amjulishe kiongozi mapema. Hilo ni jambo la afya, si la aibu.

4. Ikiwa safari inafika majini

Baadhi ya vikundi hupenda kumalizia matembezi kwa mtumbwi mtoni au boti ziwani. Hapa mlaji asilegeze masharti. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na upepo wake hubadilika ndani ya siku moja. Taifa halijasahau kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilijengwa kubeba abiria takriban 100, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Chombo kilichojaa kupita kiasi hakiwi salama kwa sababu safari ni fupi au ufuko unaonekana.

Jaketi okozi likaguliwe hivi. Kwanza, soma lebo: inataja uzito wa mtu anayefaa kulivaa, na nguvu ya kuelea kwa kipimo cha nyutoni. Jaketi la nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Asiyejua kuogelea atafute la nyutoni 100 au zaidi. Pili, kagua mikanda, vifungo na mshono, kisha bonyeza sponji ya ndani: iliyokauka ikawa ngumu au iliyopondeka haielei ipasavyo. Tatu, livae, funga mikanda yote, kisha mwenzako aliinue kwa kushika mabega yake. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako. Jaketi la mtu mzima halimwokoi mtoto, humchomoka. La mtoto liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu.

Jaketi lililofungwa pamoja na mengine chini ya mizigo halina kazi. Livaliwe kabla ya kuingia chomboni na lisivuliwe mpaka nchi kavu. Ikiwa chombo kina watu 14 na majaketi 9, jibu sahihi ni kuvuka kwa awamu au kutokuvuka. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Abiria ana haki ya kuuliza kama chombo kimekaguliwa.

Mto Malagarasi una mamba na viboko. Kikundi kisipumzike ukingoni, kisichote maji wala kunawa mahali ambapo wenyeji hawatumii, na kiondoke kabla ya jioni, wakati viboko wanapotoka majini kwenda malishoni. Maji yaliyotulia yenye majani huweza kuwa na vimelea vya kichocho, hata kama yanapendeza kwa kuogelea.

5. Mandari isiyoleta maradhi

Chakula cha mandari huharibiwa na muda na joto. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Siku ya joto kali, saa 1. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, nyama yenye rojo na maziwa huharibika upesi, na havifai kubebwa mgongoni asubuhi nzima. Samaki wa Kigoma, mgebuka na dagaa, ni fahari ya mkoa, lakini mgebuka wa mchuzi na aliwe nyumbani baada ya safari. Njiani vinafaa zaidi vyakula vikavu: dagaa waliokaushwa na kukaangwa vikakauka, chapati, maandazi, karanga, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, na matunda yanayomenywa papo hapo kama ndizi na machungwa.

Tunaongeza neno kuhusu muhogo, chakula cha kila siku katika eneo hili. Mihogo michungu ina sumu inayoondolewa kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa. Mtembezi asing'oe wala kutafuna muhogo mbichi wa shambani asioujua. Aidha, shamba hilo lina mwenyewe.

Vyakula vya pakiti visomwe tarehe kabla ya kununuliwa kwa wingi. Muuzaji akipunguza bei ghafla kwa katoni nzima, jambo la kwanza la kutazama ni tarehe. Sabuni na maji ya kunawia viwemo katika orodha, visiachwe kwa kudhani kuwa kila mtu atabeba vyake.

Wakati wa kiangazi majani ya miombo hushika moto kwa cheche moja. Tunashauri kikundi kile chakula kilichopikwa nyumbani. Penye ulazima wa kupika, liruhusiwe na mwenye eneo, majani yafagiliwe, na makaa yamwagiwe maji mpaka mkono uweze kuyasogelea bila kuhisi joto. Takataka zote zirudi na kikundi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo kikapu au mfuko wa kitambaa utumike.

6. Dharura njiani

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja aliyebaki nyumbani apewe majina ya watembezi, njia, namba ya gari na saa ya kurejea. Akubaliane na kikundi: "Ikifika saa kumi na moja jioni hamjanipigia, nitaanza kutoa taarifa." Mpango huu haugharimu shilingi hata moja, nao unazidi thamani ya vifaa vingi vya dukani. Kiongozi atembee mbele, mwenye uzoefu mwingine awe wa mwisho, na mwendo wa kikundi uwe ule wa anayetembea polepole kuliko wote. Kila kituo wahesabiwe watu.

Mtu akizidiwa na joto, akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, akae kivulini, alegeze nguo, apozwe kwa maji na anywe kidogo kidogo. Pakiti za chumvi na sukari zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, asinyweshwe kitu. Apozwe na kupelekwa hospitali mara moja.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na viatu, na kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kubana, wala nyoka asifukuzwe. Apelekwe upesi kwenye kituo cha kutolea huduma za afya, na kituo kipigiwe simu mapema ili kujua kama dawa ya sumu ya nyoka ipo.

Namba za dharura ni 112 kwa Polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, hivyo kiongozi atambue mapema ni sehemu zipi za njia zinazopata mawasiliano.

7. Mlaji asiporidhika

Mlaji atunze ushahidi: tangazo la safari, ujumbe wa muamala wa simu, risiti na picha za kifaa chenye kasoro. Kwanza amweleze mwandaaji au muuzaji kwa utulivu na kwa maandishi, akitaja anachodai: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa bidhaa au kutengenezewa. Asipopata jibu, apeleke malalamiko panapohusika: Tume ya Ushindani kwa udanganyifu na bidhaa bandia; TBS kwa ubora wa bidhaa na chakula; Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa dawa; Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa magari ya abiria; na TASAC kwa vyombo vya majini.

Hata hivyo, malalamiko hurudisha fedha, hayamrudishi mtu. Mlaji anayo haki nyingine, kubwa kuliko hizo zote, ambayo haihitaji ofisi wala barua: haki ya kukataa kuendelea. Akiona gari limejaa kupita kiasi, majaketi hayatoshi, au wingu jeusi limefunika mwinuko, anaweza kusema, "Ndugu zangu, mimi naishia hapa," hata kama amekwisha kulipa. Kikundi chema humsikiliza, na mara nyingi wapo wengine waliokuwa wakingoja mtu wa kwanza kusema.

Mazoezi ya kikundi

1. Njia yenu ina kilomita 6 kwenda na kurudi, na mwinuko wa mita 400. Kwa kutumia kadirio la somo hili, mtatembea saa ngapi? Kila mtu abebe maji kiasi gani? (Jibu: saa 2 za mwendo na saa 1 ya kupanda, jumla saa 3, angalau lita 1 na nusu, pamoja na ya ziada wakati wa mandari.)

2. Mwandaaji anatangaza safari ya "matembezi na boti" kwa bei ya chini kuliko wenzake wote. Andikeni ujumbe mfupi wa heshima wenye maswali matatu mtakayomuuliza kabla ya kulipa.

3. Leteni darasani viatu, tochi na sanduku la huduma ya kwanza mlivyo navyo. Kila mmoja akague vya mwenzake kwa kufuata sehemu ya 3, kisha orodhesheni vinavyofaa, vinavyohitaji kutengenezwa, na vile ambavyo ni lazima kununua. Mtaona kuwa orodha ya mwisho ni fupi.